Kusoma biashara ya kimataifa chuo kikuu: shika bidhaa moja uende nayo hadi bandarini

Mhitimu wa biashara ya kimataifa anatoka chuoni na mambo mengi kichwani ambayo hayajawahi kukutana. Kwenye uchumi alifundishwa faida linganishi, kwenye fedha akafundishwa thamani ya sarafu, kwenye sheria mikataba, kwenye masoko tabia za wateja. Siku ya usaili meneja wa kampuni ya usafirishaji anamsogezea karatasi moja, BL (hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli) ya kontena lililokwisha kuondoka, na kumuuliza: "Kwa karatasi hii, mwenye mzigo ni nani?" Anaanza kueleza utandawazi.

Tatizo si akili ya kijana. Masomo hufundishwa vipande vipande, kila mwalimu na chake, na hakuna anayelipwa kuviunganisha. Kazi hiyo ni yako, na njia ninayoiamini ni moja: tangu mwaka wa kwanza chagua bidhaa moja, kisha kila somo utakalofundishwa lipitishe kwenye bidhaa hiyo. Mimi nitatumia korosho, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu. Wewe chukua parachichi la Njombe, ufuta wa Lindi, kahawa ya Kagera, karafuu ya Pemba, au ukiwa Kenya, chai ya Kericho. Isiwe tu bidhaa ya kufikirika, na isiwe simu za mkononi.

Hatua ya 1: Soma orodha ya masomo, jina la shahada halitoshi

Kwa Tanzania, mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndio pa kuanzia. Kiwango cha chini kwa wa kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Hicho ni kiwango cha kuingia getini tu. Kila shahada ina masharti yake juu ya hapo, hasa kuhusu hesabu, na wenye diploma wana mlango wao wa GPA. Kenya, anayepitia KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo, anahitaji angalau C+ ya KCSE.

Watu wengi huishia hapo, wanatafuta jina "biashara ya kimataifa" na kuweka tiki. Usifanye hivyo. Ingia kwenye tovuti ya chuo, tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, uangalie kama yamo haya: forodha, lojistiki na usafirishaji, fedha za kimataifa, sheria ya biashara ya kimataifa, na takwimu. Ukikuta matatu kati ya hayo, shahada ina nyama. Ukikuta "utangulizi wa" hiki na "kanuni za" kile hadi mwaka wa mwisho, jina ni zuri lakini ndani mtupu. Shahada ya ununuzi na ugavi au ya uhasibu, yenye masomo mawili ya hiari ya biashara ya nje, mara nyingi inamzidi huyo mwenye jina kubwa. Tahasusi haikufungi: wa ECA (uchumi, biashara, uhasibu), HGE (historia, jiografia, uchumi) na EGM (uchumi, jiografia, hesabu) wote nimewaona wakifanya vizuri, ila wa EGM huwa hatoki jasho kwenye takwimu.

Hatua ya 2: Mwaka wa kwanza, ipe bidhaa yako namba

Mwaka wa kwanza ni uhasibu, uchumi, hesabu na stadi za mawasiliano. Wanafunzi huulalamikia kwamba "bado hatujaanza kusoma kozi yetu." Mmeanza. Asiyejua kusoma mizania hawezi kujua kama mnunuzi wa ng'ambo ana uwezo wa kulipa. Jifunze Excel mpaka iwe kama mkono wako wa pili, na usikubali kuingia mwaka wa pili ukiwa na sapu (mtihani wa kurudia) ya hesabu.

Sambamba na hayo, itafutie bidhaa yako msimbo wake wa HS. Huu ni mfumo wa namba za bidhaa wa Shirika la Forodha Duniani lenye makao Brussels, ulioanza kutumika 1988, na ndio unaofanya ofisa wa forodha wa Mtwara na mwenzake wa Vietnam wazungumzie kitu kilekile bila kuelewana lugha. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile karibu dunia nzima. Afrika Mashariki tumeongeza mbili zikawa nane. Korosho ziko sura ya 08, kichwa 0801. Zikiwa na maganda ni 0801.31, zikibanguliwa ni 0801.32. Tofauti ya tarakimu moja, lakini ndani ya tofauti hiyo kuna viwanda, ajira za akina mama wa kubangua, na sera nzima ya serikali kuhusu kuuza ghafi au kuongeza thamani.

Kwa bidhaa zinazoingia, msimbo huohuo ndio unaoamua ushuru. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005 ukiwa na viwango vitatu, 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kuna cha nne, asilimia 35. Ukishajua hilo utaelewa kwa nini mawakala wa forodha wanaweza kubishana asubuhi nzima kama kitu fulani ni "malighafi" au "bidhaa kamili."

Sasa fungua Trade Map, hifadhidata ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva. Kujiandikisha ni bure. Ingiza 080131, tazama Tanzania inasema imeuza kiasi gani India, kisha geuza, tazama India inasema imenunua kiasi gani kutoka Tanzania. Hazitalingana. Usikimbilie kusema kuna wizi. Kwanza, anayeuza huandika thamani ya FOB, yaani ya mzigo ukishapakiwa melini, na anayenunua huandika CIF, yaani ameshajumlisha nauli ya meli na bima. Pili, msimu wetu huanza Oktoba na kuvuka mwaka: mzigo uliotoka Mtwara mwishoni mwa Desemba unahesabiwa mwaka huu kwetu na mwaka ujao kwao. Ukizieleza sababu hizi mbili kwenye semina ya mwaka wa kwanza, mwalimu atakukumbuka.

Hatua ya 3: Incoterms, na hapa usiharakishe

Hili ndilo somo ambalo wanafunzi hulikariri usiku wa kuamkia mtihani na kulisahau asubuhi. Incoterms ni masharti 11 ya Chama cha Biashara cha Kimataifa cha Paris, toleo la sasa ni la 2020, yanayosema nani anafanya nini, nani analipa nini, na hasara inahama mkononi mwa nani mahali gani. Wengi hushika la pili tu.

Chukua CIF. Muuzaji analipa nauli na bima mpaka bandari ya mnunuzi, tuseme Tuticorin, India. Mwanafunzi anadhani basi mzigo uko mikononi mwa muuzaji mpaka Tuticorin. Sivyo. Hasara inahamia kwa mnunuzi pale mzigo unapokuwa ndani ya meli Mtwara. Meli ikizama katikati ya Bahari ya Hindi, mnunuzi ndiye atakayedai bima, bima ambayo muuzaji ndiye aliyeikata. Ukilielewa hili vizuri, kundi zima la masharti yanayoanza na C litakaa sawa.

Jambo jingine ambalo darasani hupita haraka: FOB iliandikwa kwa ajili ya mzigo unaopakiwa moja kwa moja melini. Kontena halipandishwi na wewe. Unalikabidhi bandari kavu au yadi, na linaweza kukaa siku kadhaa kabla meli haijafunga gati. Kwa hiyo wenye masharti hayo wenyewe wanashauri FCA kwa makontena, ambapo hatari inahama pale unapomkabidhi msafirishaji mzigo. Lakini nenda ofisi yoyote Dar es Salaam, mikataba imeandikwa FOB, na watu wazima wenye uzoefu wataendelea kuiandika hivyo. Jua kanuni, jua na mazoea, na ujue ni nani anabeba hatari kontena likiharibikia yadini.

Sasa hesabu. Nitatumia bei za kubuni ili njia ionekane. Tani moja ya korosho ghafi, FOB Mtwara, dola 1,300. Korosho ghafi zina ushuru wa kuuzwa nje: asilimia 15 ya thamani ya FOB au dola 160 kwa tani, lolote lililo kubwa. Asilimia 15 ya 1,300 ni 195, basi ni 195. Bei ikishuka hadi 1,000, asilimia 15 inakuwa 150, na hapo dola 160 ndizo zinazotozwa. Gawanya 160 kwa 0.15 utapata kama 1,067: chini ya bei hiyo, kila dola inayoshuka haipunguzi ushuru tena. Mnunuzi mnadani anaijua namba hiyo kuliko jina la shemeji yake, na anarudisha mzigo wa ushuru kwenye bei anayomtajia mkulima. Hilo ni somo la kodi, la uchumi na la siasa katika mstari mmoja.

Endelea kwenda CIF. Nauli tuseme dola 60 kwa tani, bima asilimia 0.3. Kosa la kawaida ni kuchukua asilimia 0.3 ya FOB ukajumlisha. Bima ya CIF hukatwa kwa asilimia 110 ya thamani yenyewe ya CIF, kwa hiyo bima iko ndani ya kitu kinachokatiwa bima. Unagawanya: 1,360 kwa (1 toa 1.1 mara 0.003), yaani 1,360 kwa 0.9967, unapata 1,364.50. Bima ni dola 4.50. Tofauti na hesabu ya makosa ni senti 60 tu kwa tani, lakini anayekuajiri anaangalia kama umeona duara hilo.

Jedwali hili litengeneze mwenyewe kwenye Excel, usidese. Liwe na seli ya bei, seli ya kiwango cha dola, seli ya nauli. Liache hai miaka yote mitatu na ulibadilishe kila msimu. 2023, dola zilipoadimika Tanzania na Kenya, mwenye jedwali la namna hii alikuwa anaona ni nani anaumia na ni nani anacheka: muuzaji nje mwenye dola mkononi alikuwa na neno benki, mwagizaji alikuwa anapanga foleni.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi

Tafuta faili la kawaida la plastiki. Lengo lako kabla ya kumaliza mwaka wa pili ni kuwa na sampuli ya kila hati inayosafiri na bidhaa yako: ankara ya awali, ankara ya biashara, orodha ya ufungashaji, BL, cheti cha uasili kinachotolewa na TCCIA (chemba ya wafanyabiashara), cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea), cheti cha ufukizaji, cheti cha ubora. Fomu tupu nyingi ziko mtandaoni kwenye tovuti za mamlaka husika na za kampuni za meli. Ukipewa nakala halisi na mtu wa kliringi, futa majina na bei kabla hujamwonyesha mwingine. Siri za wateja si mali yako.

BL ndiyo mama. Ina kazi tatu: ni risiti ya kwamba meli imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa usafirishaji, na ni hati ya umiliki. Tazama sehemu ya mpokeaji. Ikiwa limeandikwa jina la kampuni moja kwa moja, ni kampuni hiyo. Ikiwa imeandikwa "to order," mwenye mzigo ni yule aliyeishika ile hati asilia ikiwa imesainiwa nyuma ipasavyo. Ndiyo maana benki huishikilia mpaka mnunuzi alipe.

Hapo unaingia kwenye LC, ahadi ya benki ya mnunuzi kumlipa muuzaji akiwasilisha hati zilizotajwa. Kanuni zake, UCP 600, zinatumika tangu Julai 2007, na moyo wake ni mmoja: benki inashughulika na karatasi, haishughuliki na mzigo. Korosho zinaweza kuwa bora kuliko zote mkoani. Kama LC ilisema mzigo uwe umepakiwa kufikia tarehe 15 na BL inasoma tarehe 16, benki ina haki ya kukataa kulipa. Benki ina siku tano za kazi za kukagua, na wewe una siku 21 tangu kupakia kuwasilisha hati, isipokuwa LC yenyewe imesema vingine. Fanya zoezi hili na mwenzako: mmoja aandike LC ya kubuni, mwingine aandae hati akipachika makosa matatu ya makusudi, kisha mbadilishane. Ni mchezo mzuri kuliko semina nyingi nilizokaa.

Hatua ya 5: Nenda ghalani

Masomo ya chuo kikuu ni kwa Kiingereza, lakini bei haipangwi kwa Kiingereza. Kama unaweza, likizo moja iangukie msimu. Korosho za Mtwara, Lindi na Ruvuma hupita kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), zinaingia ghala kuu kwa stakabadhi ghalani, kisha mnadani. Ukifika, usiulize "changamoto." Omba kuona zinavyopimwa.

Mpimaji huchukua sampuli kutoka magunia tofauti, anahesabu punje kwenye kilo moja, anazikata kwa mkasi maalumu, na kutenganisha nzima, zilizosinyaa, zenye madoa na zilizooza. Mwisho anatoa namba inayoitwa KOR, uzito wa korosho safi utakaopatikana katika gunia la kilo 80, kwa ratili. KOR 50 na KOR 46 zinafanana kwa macho ndani ya gunia, lakini kwa mbanguaji wa India ni faida na hasara. Angalia pia unyevu: mzigo mbichi unaosafirishwa majini wiki kadhaa hufika umeota ukungu. Baada ya kuliona hilo, sura ya "ubora na viwango" kwenye kitabu inasomeka kwa dakika kumi.

Na ukitakiwa kuandika kuhusu hatari za kisiasa, wacha habari za viwanda vya magari vya Marekani. Andika kuhusu msimu wa 2018. Wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba mwaka huo Rais Magufuli akaamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likahusishwa kusomba mzigo. Januari 2019 ukatangazwa mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni moja ya Kenya. Mei serikali ikauvunja. Hapo kuna bei ya dunia, sera, ghala lililojaa, na swali ambalo kila mfanyabiashara wa nje lazima aulize: mnunuzi huyu uwezo wake nimeuhakikishaje?

Hatua ya 6: Fildi

Omba mapema, barua ya chuo ikitoka tu. Wenzako watakimbilia benki kubwa na mashirika yenye kiyoyozi. Huko utavaa tai na kuelekeza wateja kwenye foleni. Nenda kampuni ya kliringi na fowadi, hata ile ya chumba kimoja chenye mafaili mpaka darini, au kwa msafirishaji nje mwenyewe. Kama una mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, bumu la mafunzo kwa vitendo litakusaidia nauli.

Wiki ya kwanza utatoa fotokopi. Toa, lakini soma unachokitoa. Kisha muombe mkuu wa ofisi, kwa heshima na wakati hana presha ya meli: "Shikamoo mzee, naomba nisome faili moja lililofungwa, toka mwanzo hadi mwisho." Karibu wote hukubali. Andika kwenye daftari lako tarehe za kila hatua: oda ilipokuja, kontena lilipochukuliwa, tamko la forodha lilipowekwa, BL ilipotoka, pesa ilipoingia. Pengo refu kuliko yote kati ya tarehe hizo liulize sababu. Mada yako ya utafiti mara nyingi imelala humo.

Hatua ya 7: Lugha

Kifupi tu. Ukitaka biashara ya Kongo, soma Kifaransa. Lubumbashi na Goma utaongea Kiswahili na mteja vizuri kabisa, mtacheka, mtaagana, halafu karatasi zote zitakuja kwa Kifaransa. Kichina kina faida kwa anayeagiza, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius.

Hatua ya 8: Utafiti wa mwisho

Ogopa mada za aina ya "mchango wa kitu fulani katika utendaji wa biashara ndogo, mfano wa Manispaa ya Ilala." Utagawa madodoso, nusu hayatarudi, na jibu utakuwa ulilijua tangu mwanzo. Wewe una bidhaa na una jedwali la misimu mitatu. Uliza kitu kidogo kinachojibika: siku ngapi zinapotea kati ya mnada na kupakia, na zinapotelea wapi? Tofauti ya bei ya mnada na bei ya FOB imekwenda wapi msimu kwa msimu? Soko Huru la Afrika lilianza rasmi kufanya biashara Januari 2021. Korosho zilizobanguliwa zinaweza kunufaika wapi, na masharti ya uasili yanasemaje? Msimamizi atapunguza upana wa mada hata hivyo, basi mpunguzie kazi.

Hatua ya 9: Cheti cha pili, ukishamaliza

Shahada peke yake haikufanyi uguse mfumo wa forodha. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha wakala wa forodha, EACFFPC, kinachofundishwa Chuo cha Kodi Dar es Salaam na, kwa Kenya, KESRA, chuo cha mamlaka ya mapato. Kisome mapema baada ya kuhitimu, au hata ukiwa unasubiri mahafali. Wenye shahada na cheti hicho pamoja ni wachache, na kampuni zinawahitaji kwa sababu ya leseni. Leseni ya uwakala hutolewa kwa mwaka, na kila Desemba 31 inakwisha. Kwa hiyo peleka maombi ya kazi kuanzia Oktoba, wakati wakurugenzi wanahesabu nani ofisini ana cheti na nani hana.